Hongo ya Kiachio

Kitu chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani. Kazi yake ni kuushika uzi wa upinde badala ya vidole, kisha kuuachia wakati ukifika. Wageni wanaokuja kuwinda kwa upinde wanakiita kwa majina yao ya Kizungu. Sisi kambini, magharibi ya Urambo, tulikiita kiachio.

Nilifika pale na shahada ya uhifadhi wa wanyamapori na hofu ya kukosea. Tangu nihitimu nilikuwa nakaa kwa mama, mtaa wa Cheyo, Tabora, nikituma maombi ya kazi na kuyasoma upya baada ya kuyatuma, nikitafuta kosa. Kampuni ya uwindaji iliponichukua kwa majaribio, mama aliwatangazia wanajumuiya wenzake wote wa kanisani. "Mwanangu anaingia porini," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye mwanawe anaingia bungeni.

Mkuu wa kambi, Mchaga mpole aliyewinda miaka mingi, alinieleza mambo yalivyo. Anayetaka kuwasindikiza wageni wa upinde sharti ajue kuuvuta mwenyewe, ili amwelewe mgeni anapotetemeka. Kabla msimu haujafunguliwa angenipima. Nikifaulu, nitakuwa msaidizi wa mwongoza wageni. Nikishindwa, nitapanda basi kurudi kwa mama.

"Stoo kuna kopo la viachio walivyoacha wageni," aliniambia. "Chagua kimoja ukizoee. Usihangaike na vyote."

Kuniambia mimi nisihangaike ni sawa na kumwambia mbuzi asichungulie shamba la mtu.

Nilianza na cha mkanda. Unakifunga kwenye kifundo cha mkono kama saa, unanasa uzi, unavuta mpaka shavuni, kisha unabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Ndicho wawindaji wengi wanachokipenda, maana hakidondoki na mkono unakifikia hata gizani. Lakini kila nukta ya kulengea ya upinde ilipogusa duara lililochorwa kwenye gunia letu la matambara, kidole kiliruka chenyewe kama kimegusa pasi ya moto, na mshale ukaenda kulala nyasini. Shahada ninayo, kidole cha shahada ninacho, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia.

Nikahamia cha dole gumba. Hicho unakishika kiganjani na hakina mkanda. Dole gumba langu lilikuwa tulivu zaidi, ila sasa nikaanza kuwaza: kikiniponyoka kwenye nyasi ndefu? Nikakifunga kamba, nikakivaa shingoni. Je, kamba ikinasa kwenye tawi? Je, kikigongana na kifungo cha shati na mnyama kama pofu akasikia? Nikafungua kamba. Nikaifunga tena.

Cha tatu hakikuwa na kitufe kabisa. Unauzungusha mkono taratibu mpaka uzi unachomoka. Nilianza kuuzungusha mapema, uzi ukachomoka kabla ya wakati, nami nikajipiga ngumi ya mdomo.

"Umembusu nyuki?" mpishi aliniuliza niliporudi na mdomo uliovimba.

Mpishi wetu alikuwa Mgogo, mtu wa makamo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujasalimiana. Misafara ya zamani iliyotoka Tabora kwenda pwani ilikatiza Ugogo, babu zetu wakiwa na mizigo kichwani, na watemi wa huko walitoza hongo kabla ya kuwaruhusu kuyagusa maji na kupita. Siku hizi neno hilo linamaanisha rushwa tu. Kwa mpishi lilikuwa bado ni ushuru wa njia.

"Wewe mpagazi," alikuwa akiniambia, "babu zako walikunywa maji yetu wakatoroka usiku. Deni linakungoja wewe."

"Maji gani? Kwenu mvua mnaisikia redioni."

"Ndiyo maana yalikuwa ghali!"

Mtani akikutania hununi. Akichukua kitu chako, unakikomboa huku unacheka. Ukinuna, faini ya kuku inakuwa ya mbuzi.

Ndani ya kopo kilibaki cha nne, ambacho sikuwa nimekigusa. Hicho unakibana kwa dole gumba unapovuta, ukifika shavuni unaliondoa dole, kisha unaendelea tu kuvuta. Nguvu ikitosha, kinafyatuka chenyewe. Hujui ni lini. Mkuu alikuwa amekirekebisha kulingana na upinde wetu wa mazoezi. Nilipanda juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao, nikasoma kwamba kinawatibu watu wenye kidole cha haraka. Nikashuka. Nikapanda tena, nikasoma kwamba porini kina hatari, kwa kuwa mnyama akigeuka ghafla wewe huna tena uamuzi. Mbung'o waliniuma shingoni nikisoma maoni ya watu nisiowajua. Nikakirudisha koponi, nikarudi kwenye cha mkanda, halafu cha dole gumba, halafu cha mkanda.

Mpishi aliyaona yote kupitia dirisha la jiko. Sikujua kwamba yanamkera.

Siku ya kupimwa niliamka nimeamua: cha dole gumba, bila kamba. Nilipofika stoo nikawa nimebadili: kwa kamba. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Kopo halikuwepo.

Nilipekua chini ya meza, nyuma ya madumu ya asali, ndani ya buti za watu. Nikakimbilia jikoni nikihema. Mezani palikuwa na chai yangu, sahani ya matobolwa niliyoletewa kutoka nyumbani, na pembeni ya vile viazi vikavu, kiachio kimoja. Cha nne.

"Kopo liko wapi?"

"Kopo gani?" mpishi alisema akichambua mchele.

"Mtani, leo napimwa. Nirudishie."

"Toa hongo."

"Nitakupa kuku nikienda Urambo. Naapa. Nirudishie sasa hivi."

"Babu zako nao waliapa."

Nilihisi machozi yanakaribia, na kununa ndiko kulikokatazwa. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi.

"Usinichezee kwenye kazi, mzee wa mlenda!"

"Na mimi ndiyo nakwambia," akapaza sauti, akinyoosha ungo mlangoni kama kizuizi cha barabarani, "hujatoa hongo, hupiti! Leo hupiti!"

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake.

Yeye watani wake ni Wapare. Alichosikia ni kwamba siku ya mtihani mtu anadaiwa hongo ili apite. Uso wake ulibadilika.

"Hongo gani hiyo?" aliuliza polepole. "Nani anampitisha nani hapa?"

Mpishi aliushusha ungo. Mimi nikaanza kueleza. Nilianzia kwenye misafara, nikaingia kwenye visima, nikarudi kwenye kopo, nikataja kuku, na kila nilivyoendelea ndivyo nilivyojisikia nikifanana na mtu aliyetoa rushwa. Kazi yangu niliiona inaondoka, ikipanda basi pamoja nami.

"Ni utani, mkuu," mpishi akanikatiza. "Huyu ni mtani wangu. Nimeficha viachio kwa sababu anavivaa na kuvivua kama bibi harusi dukani. Nimemwachia kimoja."

"Kipi?"

Nikamwonyesha. Mkuu alikitazama, akanitazama mdomo, ambao ulikuwa haujapona vizuri.

"Chai utakunywa baadaye," alisema. "Twende."

Angenipa muda, ningekufa. Nilisimama mbele ya gunia nikiwa na upinde mkononi, na matobolwa niliyonyakua mezani yakiwa shavuni. Nikanasa uzi, nikabana dole, nikavuta. Nukta ikapanda juu ya duara. Mwili wote ukangoja kidole kiruke, lakini hakikuwa na pa kurukia. Nikaliondoa dole gumba. Nikavuta. Nukta ilikuwa ikitetemeka, ikitoka na kurudi, na mimi nikavuta, nikiwaza kimeharibika, nikiwaza mpishi amekilegeza, nikiwaza mama atawaambia nini wanajumuiya, na katikati ya wazo hilo mshale ukaondoka bila kuniuliza.

Ulikuwa ndani ya duara, kwenye ukingo.

"Mwingine," alisema mkuu.

Huo mwingine uliingia pia. Uliofuata ulitoka nje, kwa sababu nilikuwa nimeanza kufurahi.

Mkuu aliichomoa mishale mwenyewe. "Kwa gunia, hiki kinakufaa," alisema. "Kwa mnyama bado sijakiamini, na wageni wako wengi watavaa cha mkanda. Utajifunza kukitumia hicho pia. Utaingia porini wageni wakifika." Kisha akaongeza, "Na huko jikoni mtafute neno lingine."

Nilimpigia mama simu juu ya kichuguu. Alipiga vigelegele mpaka mtandao ukakatika, nami nikabaki nikijiuliza kama kweli nimefaulu au kama nimepita kwa sababu sikupata nafasi ya kuchagua.

Gari la mahitaji lilipokwenda Urambo, nilirudi na jogoo. Mpishi alimpima uzito kwa mkono, akaridhika, akalitoa kopo chini ya gunia la mkaa.

"Njia iko wazi, mpagazi. Chukua. Chagua."

Nilisikia vyuma vikigongana ndani ya kopo, nikaanza tena kuhesabu: kwa kamba, bila kamba.

"Mtani," nikasema, "kaa nalo kwanza. Nikitaka cha mkanda nitakuomba hicho kimoja."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Halafu akalirudisha kopo chini ya mkaa, akamfunga jogoo miguu.

"Sawa," alisema. "Ila kutunza mzigo wa msafara nako kuna hongo yake."