Mbwa Aliyelinda Shati la Bwanausi

Mpaka leo pale lilipokuwa shamba la shemeji yangu hapalimwi. Watu wa Kerege hupita mbali, na mimi siwalaumu.

Bwanausi alimwoa dada yangu Mwanahija. Alikuwa mkulima wa mihogo, mrefu, mkavu, mwenye kiburi cha kimyakimya kilichonichefua ingawa nilimpenda. Nguruwe mwitu ndio walioanzisha yote. Muda mfupi baada ya Azimio la Arusha walishuka wakafukua mihogo yake karibu yote, naye yuko juu ya dungu, kile kilindo cha miti, anapiga debe mpaka mikono inakufa ganzi. Wapi! Ndipo meneja wa shamba moja la mkonge, aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Ulaya, akamwachia mbwa dume mwekundu, bado mdogo.

Dada yangu alipomwona akasimama katikati ya mlango.

"Baba Dija, huyo haingii humu. Mate yake yakigusa chombo, nani ataosha mara saba, moja kwa udongo? Mimi?"

"Atakaa shambani, mama."

"Na mimi na wanangu hatumlishi, hatumwiti. Mbwa wako, sauti yako."

"Sauti yangu," Bwanausi akasema, akacheka, maana hilo lilimpendeza mno. Wakakubaliana vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

Kufundisha alijua. Hakumgusa mbwa kwa mkono hata siku moja. Alitumia bakora na vipande vya papa mkavu. Anasema "Kaa," anambonyeza mgongoni polepole kwa ncha ya bakora mpaka aketi, na papo hapo anamrushia papa. Akikosea hapigwi, ananyimwa. Baada ya "Kaa" ikaja "Njoo", kwa kamba ndefu. Kisha ikaja "Linda". Anavua shati, analitandika chini, anasema "Linda", anakwenda zake kulima. Mbwa analala kando ya shati, na halikaribiwi na mtu mpaka Bwanausi mwenyewe arudi aseme "Basi".

Siku moja aliniita nijaribu. "Shemeji, hebu kaniokotee shati langu."

Kwa ubishi wangu nikaenda. Mbwa hakubweka. Alininyanyulia mdomo, akanguruma kwa sauti ya chini sana. "Basi!" nikamwambia. Akawa ananitazama tu. Nikarudi kinyumenyume, na Bwanausi anacheka mpaka machozi.

"Na siku ukiugua?"

"Sijaugua tangu nitoke jandoni."

"Mzoeze hata mtu mmoja mwingine amwambie hilo neno."

"Nani? Dada yako hataki. Na mbwa akimsikiliza kila mtu, atamsikiliza na mwizi."

Nguruwe hawakurudi tena, watu wakamsifu, nami nikaliacha hilo. Lakini sikulipenda lile jicho la mbwa. Dada yangu naye alikuwa haendi tena shambani. "Ananitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa mume wangu," aliniambia.

Asubuhi moja ya masika jirani yao Kombo akatujia anahema. Bwanausi ameumwa na nyoka, swila, akipalilia. Amejikokota mpaka chini ya dungu, pale alipoliacha shati, akalala juu yake. Na shati lilikuwa linalindwa.

Tuliwakuta watu wamesimama mbali. Lori la mkaa lilisimama barabarani, dereva yuko tayari kumkimbiza Bagamoyo, anapiga honi. Bwanausi amelala ubavu, macho wazi, anatuona. Midomo ilikuwa inachezacheza, inatafuta neno moja, na ulimi umeshakufa. Mbwa alisimama juu yake. Jirani mwingine, Ramadhan, aliyejaribu kusogea, alikuwa ameushika mkono wake unavuja damu.

"Basi!" watu wanapiga kelele. "Basi! Basi!"

Mwenye gobori alikuwa ameshafuatwa, lakini nyumba yake ilikuwa mbali. Mwanahija akavua kanga ya juu, akajizungushia mkononi. Alikwenda moja kwa moja, mbwa akamrukia, naye akampa ule mkono wa kanga, na kwa mkono wa pili akamkumbatia shingo akaanguka naye matopeni, mate ya mbwa yanamtiririkia usoni.

"Mchukueni!"

Tukamnyanyua Bwanausi tukakimbia. Niligeuka nikaona mbwa ameshamwachia dada yangu. Shati lilikuwa bado pale chini, na yeye amerudi kulala kando yake.

Bwanausi alikata roho kabla hatujafika. Mganga wa hospitali akatuuliza kwa nini tumemchelewesha hivyo.

Mwenye gobori alipokuja, Mwanahija alimkataza kumpiga mbwa. "Anafanya alichoambiwa," alisema. Yeye alikuwa amekaa eda, hawezi kutoka, kwa hiyo alinituma mimi nimpelekee mbwa papa. Nilimrushia kwa mbali. Hakunusa hata kipande kimoja. Kila siku nilimwambia "Basi", na kila siku alitazama nyuma yangu, njiani, kama kuna mtu anakuja. Mvua zilipokatika tulimkuta amekufa palepale, shati limeozea chini yake.

Dada yangu aliuosha ule mkono mara saba, moja kwa udongo. Kovu bado analo. Kila akitawadha hulipitishia maji, na nikiwapo huniuliza lilelile:

"Neno moja tu, kaka. Ningejifunza kumwambia neno moja, ningepungukiwa nini?"