Mahindi Yanamngoja Mikayi

Mama mkwe wangu, Amolo, hajui kuketi. Ukimpa kiti atakushukuru, atakifuta vumbi kwa leso, kisha atakiacha hapo aende kuwafukuza kuku ambao hawajamkosea. Nimeolewa hapa Asembo, kwa Wajaluo, mwaka wa tisa huu na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai mahali alipokianzia. Anaanzia jikoni, anapiga funda la pili kwenye zizi, na kikombe chenyewe tunakiokota jioni kando ya shamba.

Agosti hii alizidi. Shule zilikuwa zimefungwa, nasi tukaja nyumbani kutoka Kisumu, mimi, mume wangu Calvince na watoto, tukitaka yale tunayoyataka kila likizo: kulala mchana kwenye mkeka nyuma ya jikoni, kuchuma mapera kwenye ua, kumsubiri Calvince arudi kutoka ufuoni na samaki wabichi, ngege, wa kupikwa na mboga ya osuga. Asubuhi viazi vitamu na chai ya maziwa. Jioni mahindi ya kuchoma. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuletea taabu. Mahindi yalikuwepo shambani, yamejaa, ndevu zimeanza kuwa kahawia, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliacha wajane wawili. Beldina ndiye mikayi, yaani mke wa kwanza, na Amolo ni wa pili. Katika boma hili mikayi ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, na ndiye anayeonja mavuno mapya kabla ya jino lingine lolote. Mwezi wa Machi Beldina alipanda kama inavyotakiwa, kisha akaenda Kisumu kutibiwa mtoto wa jicho, akakaa kwa bintiye Aloo nyuma ya soko la Kibuye. Jicho likapona. Mwenyewe hakurudi.

Mimi ni Mluhya wa Kakamega. Nyumbani kwa baba yangu, mzee Shitanda, mahindi yakiiva ni ya mwenye meno. Mzee angesikia kwamba nalala kando ya shamba zima la mahindi, na bado naenda sokoni kununua ya watu, angecheka mpaka akohoe. Na kweli nilinunua. Ya kununua hayana mwiko, kwa hiyo watoto waliyatafuna huku wakiyatazama ya kwao yakipepea hatua chache tu kutoka jikoni. Nilikasirika, na sifichi.

Ungedhani Amolo anampenda sana mke mwenzake. Wapi! Kutwa kucha alimsema. Beldina alimcheka ugali wake siku ya kwanza alipoletwa hapa kama bibi arusi. Beldina alificha sufuria kubwa wakati wa matanga ya mzee. Beldina anakoroma. Alisema hayo akifagia uwanja kwa mara ya tatu, akayarudia akitoka barabarani kuangalia kama kuna mtu ameshuka garini, kisha akapotea shambani. Nikimfuata namkuta anapapasa mahindi moja moja, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Nyar Kakamega," yaani binti wa Kakamega, aliniambia siku moja bila kugeuka, "haya yamebakisha siku ngapi?"

"Mama, yamebakisha kuliwa."

Akahamia hindi lililofuata.

Wiki ya pili Calvince alichoka, akampigia Beldina simu, akaiweka sauti ya juu ili wote tusikie.

"Kuleni tu, yawa," sauti ikasema. "Mimi nimewaruhusu. Hiyo safari ni refu, miguu yangu imechoka."

Watoto walipiga kelele. Calvince akawasha moto wa kuni pale nje, akakunja mikono ya shati, na mimi nikaanza kutafuta chumvi na pilipili. Mate yalinijaa mdomoni, sisemi uongo. Mara Amolo akatokea na karai la maji aliyooshea vyombo, akayamwaga yote juu ya moto. Moshi ukatupofusha.

"Mama! Si amesema tukule?"

"Amesema na simu. Simu haina meno."

"Lakini ametupa ruhusa!"

"Sikiliza, Calvi." Karai lilikuwa bado mkononi. "Ukikula kabla yake, umeshamzika. Mimi siwezi kuzika mtu ako hai. Hata kama ni huyo."

Jioni ile jirani yetu Mama Robinson alichoma mahindi yake, na harufu ikavuka ua wa minyaa bila hodi. Tulikula ugali na ngege. Amolo alikula amesimama mlangoni, akiangalia barabara.

Kuanzia hapo raha ya likizo ilinitoka. Mkeka uliniwasha. Nilikuwa nikilala, nainuka, naenda shambani mimi pia, kumbe naye yuko huko, tunapishana kwenye mistari kama wezi wawili. Asubuhi moja nilibonyeza punje kwa ukucha. Maziwa hayakutoka. Nikajaribu hindi lingine, likawa vilevile. Amolo alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona ukali usoni mwake. Niliona hofu. Haikuwa hofu ya mahindi.

Kesho yake nilienda Kisumu bila kuaga mtu.

Beldina, yeye, anajua kuketi. Nilimkuta kwa Aloo, kwenye kibaraza, ametulia kama jiwe la kusagia, macho yote mawili yanang'aa. Hakungoja hata salamu.

"Mlikula?"

"Hapana, Mama Mkubwa."

"Kwa nini? Nilisema mkule."

"Mama alimwaga maji kwa moto."

"Maji gani?"

"Ya kuosha vyombo."

Alicheka mpaka akalifuta lile jicho jipya kwa ncha ya leso. Kisha kicheko kikaisha na kufuta kukaendelea.

"Mimi nilijua watakula," akasema. "Mzee hayuko. Watoto wangu wote wako town. Amolo ndiye mwenye boma, ako na ng'ombe, ako na wajukuu wa likizo. Nikajiambia, wacha niwape ruhusa. Wakikula, nijue pale si kwangu tena, nikae tu hapa kwa Aloo nisumbue yeye." Akanitazama. "Nilitaka kujua kama kuna mtu bado ananingoja."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu huyo amefagia uwanja mpaka umebaki mwamba. Lakini alikuwa ameshauliza jingine.

"Na mahindi?"

"Yanakauka."

"Amolo ni mjinga kabisa," akasema, na hapohapo akaanza kufunga mizigo yake kwenye leso.

Tulifika jua likiwa bado kali. Amolo alikuwa barabarani, bila shaka. Alipomwona anayeshuka nyuma yangu hakukimbia wala hakupiga vigelegele. Alisimama, akashika kiuno.

"Umechelewa, nyieka," akasema. Ndivyo wake wenza wanavyoitana.

"Si nilisema mkule?"

"Nani amekungoja? Tulikuwa na kazi mingi."

Lakini alikuwa ameshamnyang'anya mzigo na kutangulia nao, anatembea upesi mpaka sisi wengine tukabaki nyuma. Moto ukawashwa palepale ulipozimwa. Beldina akaingia shambani peke yake, akavunja hindi moja, akalimenya, na Amolo akalichoma yeye mwenyewe, akiligeuzageuza kwa koleo. Tulisimama wote tumezunguka.

Hindi lilikuwa gumu. Beldina amebakiwa na meno machache, na hayakutani. Aling'ata upande huu, akang'ata upande ule, mwisho akang'oa punje moja kwa kidole, akaitia mdomoni. Haikuvunjika. Akaizungusha shavuni kama peremende, taratibu, akitutazama mmoja mmoja.

"Chiemuru," akasema, punje bado mdomoni. Kuleni.

Watoto wakavamia shamba. Calvince naye, mtu mzima mwenye ndevu, akavamia. Nilikuwa nimeshainua mguu nilipogeuka kumwita Amolo, nikamkuta ameketi. Ameketi chini kabisa, kwenye vumbi alilolifagia mwenyewe, miguu imenyooshwa mbele, koleo limemdondoka. Analia bila kujificha.

"Ni nini sasa?" Beldina akamuuliza.

"Nilidhani utanifia huko," Amolo akasema. "Uniache hapa niwe mkubwa peke yangu."

Beldina alijishusha polepole mpaka akakaa kando yake, bega kwa bega. Akamwekea lile hindi gumu mapajani.

"Kula," akasema. "Wewe bado uko na meno."