Samli Kwa Shingo ya Chupa

Binamu yangu Hirsi anafanya kazi kwa visima vya mafuta huko Turkana, lakini mwaka huu karibu asirudi kazini. Mamake, habaryar Ebla, mama yangu mdogo, alimnyima dua, akaficha na viatu vyake vya kazi chini ya kitanda. Na Hirsi bila dua ya hooyo, mamake, haendi popote, hata Garissa mjini.

Ebla alikuwa na sababu. Mzee wake, babake Hirsi, alifia kisimani hapa karibu na Bura. Sisi watu wa ngamia tunajua kisima ya aina moja: wanaume wanashuka, wanapangana mmoja juu ya mwingine, wanarushiana ndoo za maji wakiimba. Siku hiyo ukuta ukaporomoka. Sasa akasikia kijana wake kazi yake ni kukwangua kisima.

"Kwa hivyo unashuka ndani."

"Hooyo, shimo yenyewe hata paka haiingii."

"Basi unakwangua na nini? Ulimi?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Hirsi akachukua chupa ya samli, akaiacha kidogo kwa friji ya duka ya jirani yetu Maka. Ikarudi imeganda mpaka shingoni.

"Mafuta ya huko ni kama hii. Chini ni moto, inapanda vizuri. Ikikaribia juu inapoa, nta inashika kwa bomba, njia inakuwa nyembamba mpaka kisima inanyamaza."

Akafunga bolti ya pikipiki kwa uzi.

"Unaniharibia samli, wewe!"

"Nimeiosha, hooyo. Shika."

Macho ya Ebla haioni vizuri siku hizi, lakini vidole yake inaona. Akashusha bolti kwa shingo ya chupa. Ikakwama. Akavuta, akaachilia tena, akavuta, mpaka ikapenya.

"Na wewe uko wapi hapo?"

"Mahali uko wewe. Juu. Nimeshika waya tu, chuma ndio inashuka kukwangua."

Akakaa na ule uzi mkononi.

"Mnaimba?"

"Kuna injini, hooyo. Nani ataimba?"

"Kisima haifanyiwi kazi kimya," akasema, akainama kutoa viatu. Akamsomea dua akiwa amemshika kichwa kama mtoto.

Juzi Hirsi alipiga simu, injini inanguruma nyuma yake. Ebla hata salamu hakungoja.

"Imba."

Hirsi akaimba ile ya kunywesha ngamia kisimani. Sauti mbaya, wallahi. Alipofika mahali babake alikuwa anajibiwa na wenzake wa chini, Ebla akafunga macho, akajibu yeye mwenyewe.