Mkwaruzo wa Kodiani Ambao Kaka Yangu Hakuujua

Leo kompyuta imenifanya nikiri kosa la ujana wangu.

Mnajua moyo wangu umechoka na siku zangu si nyingi. Lakini kutulia siwezi.

Kwa hiyo nalinganisha programu mbili za kuunda sauti za ala za muziki. Huandiki kitu, unachora mistari kuunganisha visanduku kwenye skrini.

Kipimo changu ni kodiani ya kaka yangu Njoroge, ile aliyopigia ngoma ya mwomboko, iliyopotea zamani.

Programu ya kwanza ni maridadi, ila sauti yake ni safi mno. Ya pili ina sura mbaya, lakini iliniruhusu kuiharibu noti moja ikwaruze, kama ninavyoikumbuka.

Njoroge akaja hapa kwangu mtaa wa Umoja kuamua.

Ya kwanza aliicheka. "Wanjirũ, hii ni kengele ya mlango!"

Ya pili ilipolia, akasogeza sikio karibu. "Hiyo ni yangu," akasema. "Lakini haikuwa na mkwaruzo."

Jamani.

Mkwaruzo ulianza siku nilipoichukua kodiani yake kwa siri nikaiangusha. Niliusikia mimi peke yangu, kisha kwa hofu nikaitupa kodiani kwenye choo cha shimo. Binamu yetu Kamau akaitwa mwizi. Njoroge hajamsalimia tangu hapo.

Nikamwambia yote. Akasukuma kikombe. "Chai yako siinywi mpaka umpigie Kamau."

Chai imepoa. Njoroge bado yuko kwenye kochi, ananitazama. Namba ya Kamau ninayo mkononi.

Ninyi mngeanza na neno gani? Andikeni upesi.