Vifuko Sitini na Vitatu

Mtaani kwetu watu hawampi shemeji yangu mkono. Wakikutana naye wanainamisha kichwa, wanauliza habari za asubuhi, na viganja vyao vimefichwa mifukoni kana kwamba vina vitu vya wizi. Kosa lake ni kazi aliyoifanya. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza chumba cha maiti pale hospitali kuu.

Marehemu mdogo wangu alipoamua kuolewa naye, baba yetu alimwita sebuleni akamuuliza, "Mwanangu, utalala na mtu mwenye mikono ya baridi?" Mdogo wangu akajibu, "Baba, heri mikono ya baridi kuliko moyo wa baridi." Tangu hapo na mimi nikamshika shemeji mkono kila nikionana naye, ingawa siku za mwanzo nilikuwa nakwenda kunawa mara mbili, sitaki kudanganya.

Na chumba kile kilikuwa na baridi kweli. Siku moja nilimpelekea chakula, nikapiga chafya mlangoni. Chafya iliganda hewani, ikaanguka sakafuni, ikalia kama kijiko. Shemeji akaiokota, akaniambia, "Chukua mali yako, shemeji." Asiyeamini akaulize, ila asiniulize mimi.

Kazini alisifika kwa mambo mawili. La kwanza, alikuwa akisikiliza mashine ya baridi. Anasimama, anainamisha sikio, anajua mota inahema vizuri au imechoka. La pili, hakusema uongo. Mwaka mmoja mashine ilikufa siku mbili, mkubwa wake akamwamuru anyamaze. Shemeji akatoka nje, akawaambia ndugu wa marehemu mmoja mmoja: baridi imekatika, njooni mchukue watu wenu leo. Mkubwa hakumsamehe. Shemeji alistaafu na cheo kile kile alichoanza nacho. Na mdogo wangu alipofariki, ni yeye aliyempokea pale mlangoni, akamlaza, akamfunika, akafunga mlango polepole. Alipotoka alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi.

Alipostaafu wenzake walimchangia friza ya kusimama, nyeupe, ndefu kunizidi, yenye mlango mmoja na droo tatu. Wakamwambia, "Mzee, tumekupa kachumba kako usitukumbuke sana." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, lakini ile friza aliitunza kuliko wengine wanavyotunza gari. Kila baada ya miezi mitatu aliichomoa kwenye umeme, akaacha barafu iyeyuke, akaifuta ndani kwa maji yenye magadi kidogo. Nyuma alipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Kisha alibana kipande cha gazeti kwenye mlango na kukivuta. Kikitoka kirahisi, mpira wa mlango umelegea. Nilimwambia, "Shemeji, friza hii ukiitunza hivi itakuita baba." Ndani mlikuwa na samaki wawili na barafu ya kuweka kwenye maji, basi.

Mpaka binti yake alipougua.

Binti huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, mimi ananiita Mama Mkubwa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto akiwa na miezi miwili na siku chache, mama akaona uvimbe kwenye ziwa. Akapimwa, akaitwa, akarudi nyumbani akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Ilibidi aanze dawa kali za mishipani, na daktari alisema tangu siku ya kwanza ya dawa hizo, mtoto asionje tena maziwa yake.

Tatizo ni kwamba mtoto alikuwa hapatani na maziwa ya kopo. Tulijaribu mara mbili. Alitapika, akavimba vipele mpaka kwenye kope. Daktari wa watoto akasema tumfikishe miezi minne kwanza, tumbo likomae, ndipo tujaribu tena. Basi yule binti, wiki zile za kusubiri zamu yake ya dawa, alikamua. Alikamua asubuhi, mchana, jioni, akiwa anaongea na simu, akiwa analia. Kila kifuko alikiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mimi shule niliipitia kwa nje, hivyo alinielekeza kwa mkono: "Mama Mkubwa, anza na droo ya juu, utoe cha mbele." Siku anaingia hospitali kulikuwa na vifuko sitini na vitatu, ukiacha kumi vya siku mbili za mwanzo. Mtoto anakunywa vitano kwa siku. Baada ya siku hizo mbili zingebaki kumi na mbili kufika miezi minne. Hesabu ilitosha, na vitatu vya ziada.

Shemeji akamsindikiza binti yake akae naye siku mbili za mwanzo, maana mume wake alikuwa bado njiani akitokea kazini mbali. Nyumbani nikabaki mimi, mtoto, na friza.

Sasa nisikilizeni kosa langu. Nilikuwa nimefuma kitambaa. Mwezi mzima nilikifuma, cheupe, chenye matamvua marefu mbele. Nilijiambia, friza iliyobeba chakula cha mtoto wetu haifai ikae uchi. Nikakitandika juu, matamvua yakaning'inia mbele ya mlango. Nikarudi nyuma kuangalia, nikajisifu. Kila nilipotoa kifuko, nilisukuma mlango kwa nyonga kwa kuwa mikononi nina mtoto, nikaondoka.

Asubuhi ya tatu nikaona droo ya juu haivutiki. Barafu ilikuwa imejaa juu na pembeni, nene kama godoro. Mota ilikuwa inanguruma bila kupumzika, na ubavu wa friza ulikuwa wa moto. Nilipopitisha vidole, nikagusa kifuko kimoja. Kilibonyea.

Nikachukua kisu cha jikoni.

"Shemeji! Weka chini!"

Ni shemeji, amesimama mlangoni, mkoba wa hospitali bado begani.

"Nachonga tu kidogo."

"Nyuma ya barafu hiyo kuna bomba. Ukilitoboa, gesi ikatoka, hatuna friza tena. Weka chini."

Nikaweka. Akainamisha sikio kama zamani, akasikiliza. Akafungua mlango taratibu, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akashika tamvua moja kwa vidole viwili. Lilikuwa limelowa, limebanwa bapa na mlango, limeacha mwanya.

"Nani alitandika hiki?"

Jamani, ulimi wangu una mazoea yake. "Shemeji, jana alipita upepo hapa, sijawahi kuona, uliingia dirishani, ukazunguka meza mara tatu..."

"Shemeji," akasema, hakupandisha sauti. "Leo usinipe hadithi."

Nikakaa kwenye kigoda. "Ni mimi. Nimefuma mimi, nimetandika mimi, na mlango nimeufunga kwa nyonga."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoondoka."

Akatikisa kichwa mara moja. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akatandika taulo mezani, akaitikisa droo ya juu mpaka ikachomoka, akaanza kutoa vifuko, anabonyeza kila kimoja. Vigumu kama jiwe alivipanga kushoto. Vilivyoanza kulainika lakini vina barafu ndani, alivitikisa karibu na sikio, navyo akavipeleka kushoto. Vilivyokuwa maji matupu, kulia.

Droo ya kati na ya chini zilipona zote. Droo ya juu yote ilikwenda kulia. Ishirini na kimoja.

"Si tuvirudishe vigande tena?" nikasema. "Nani atajua?"

"Tumbo la mtoto litajua."

Nikaanza kulia. Akaniambia nilie baadaye, kwanza nitafute friza ya mtu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mshonaji, na ana friza kubwa. Nikabeba vifuko arobaini na viwili kwenye beseni, nimevifunika kwa blanketi. Shemeji akaja nyuma yangu na mtoto, akasimama nje ya geti, hakuvuka.

Mshonaji akafunua blanketi. "Mama, hivi navyo vimeshikwa na nani?"

"Na mwenye friza."

"Yule wa maiti?" Akafuta mikono kwenye gauni. "Mimi humo naweka chakula cha wanangu."

"Na hiki nacho ni chakula cha mtoto. Hakina mkono wa mtu, kina mihuri."

"Usinielewe vibaya, lakini..."

"Nimekuelewa vizuri sana. Mama yako mzazi alipokufa, nani alimchana nywele? Wewe ulikuwa umezirai pale kwenye nyasi za hospitali. Au nimeanza hadithi zangu?"

Mshonaji akaangalia getini. Shemeji alikuwa amempa mgongo, anambembeleza mtoto, maana mtoto alikuwa ameshaanza kulia njaa. Mshonaji akatoa samaki wake wote, akawajaza kwenye ndoo, akafuta droo mara mbili.

"Weka," akasema. Kisha akaongeza, si kwangu: "Mzee, ingia basi, jua kali."

Shemeji akasema asante, ana kazi nyumbani, lakini aliingia hatua mbili akapokea begi la barafu. Lilimtosha kuvipoza vile ishirini na kimoja kwenye ndoo, mtoto anywe vitano mpaka kesho. Zaidi ya hapo havifai.

Kazi ilimchukua mpaka jioni. Aliichomoa friza, akaweka ndani masufuria mawili ya maji ya moto, akaacha mlango wazi, mimi nakamua mataulo. Barafu ilidondoka yenyewe, mapande kwa mapande, bila kisu. Kisha akaosha mpira wa mlango kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Pale matamvua yalipobana palikuwa pamejikunja. Akapakanda kwa kitambaa cha moto, anavuta kwa vidole, anaachia, anavuta, mpaka mpira ukarudi sura yake. Akaisogeza friza kiganja kizima kutoka ukutani ipate hewa. Miguu ya mbele akaiinua kidogo. "Sasa mlango utajifunga wenyewe," akasema, "hata kwa mtu wa nyonga." Hilo ndilo tusi pekee nililopata. Akabana gazeti, akalivuta, likachanika. Tukaiwasha tupu, na vifuko havikurudi mpaka kesho yake mchana, baridi ilipokuwa imekaa.

Vile kumi na sita vilivyobaki alivimwaga mwenyewe, kimoja kimoja, shambani nyuma ya nyumba kwenye mizizi ya mchicha. Kila kimoja alisoma tarehe yake kwanza.

Nilimwambia, "Shemeji, tusimwambie. Mgonjwa haongezewi mzigo."

"Maziwa ni yake."

Basi tukaenda. Binti alikuwa amelala ubavu, mrija mkononi, midomo imekauka. Mume wake alikuwa amefika, amesinzia kwenye kiti. Shemeji akavuta kigoda, akamweleza yote kwa mpangilio: barafu, droo ya juu, ishirini na kimoja, vitano vimenywewa, tumepungukiwa karibu siku tatu.

Binti akafumba macho. "Mlango ulikuwa wazi? Nani aliuacha, baba?"

"Mimi, mwanangu. Kabla hatujaondoka. Nilikuwa na haraka."

Nilimgeukia mzima mzima. Miaka yote ile, na mkubwa wake akimtisha, hakuwahi. Na sasa anadanganya kwa ajili yangu, masikio yamemwiva mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Mwanangu, usimsikilize huyu," nikasema. "Baba yako hajui kudanganya, mtazame masikio. Uongo una wenyewe, na mwenyewe ni mimi. Ni mimi niliyeuzuia mlango usifunge, kwa kitambaa changu."

Binti akafungua macho. Akanitazama, akamtazama baba yake, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa kilio. Mume wake akaamka akadhani kuna msiba. Binti alipotulia alisema, "Mama Mkubwa, mwite daktari wa watoto. Tumuulize tufanyeje hizo siku tatu."

Daktari akasema tusisubiri vifuko viishe. Tuanze sasa, aina nyingine ya maziwa ya kopo, kijiko kimoja ndani ya chupa ya maziwa ya mama, kesho viwili. Siku ya kwanza mtoto alitapika kwenye shati la shemeji. Shemeji akabadilisha shati. Siku ya pili alitapika kidogo. Siku ya nne vipele vilitoka shingoni, tukakesha na hofu, vikaondoka. Vijiko vikapanda, vifuko vikashuka taratibu, kimoja baada ya kingine.

Binti aliruhusiwa kuja nyumbani kupumzika kabla ya dawa ya mara ya pili. Nywele zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto. Siku hiyo droo ya chini ilikuwa na kifuko kimoja tu. Shemeji alikuwa amekiacha makusudi, mtoto akanyweshwa ya kopo matupu tangu asubuhi, na yalikuwa yamekaa tumboni.

Shemeji akakiyeyusha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, akakimimina kwenye chupa, akadondosha tone kwenye kiganja chake kupima joto. Akampa binti yake chupa, kisha akamkabidhi na mtoto.

Binti aliketi karibu na dirisha. Mtoto akashika chupa kwa mikono yote miwili na kumkazia mama yake macho. Alinyonya bila kupumzika mpaka chupa ikaanza kuvuta hewa, na mama yake akaendelea kuishikilia pale pale.