Aliyeulinda Ukuta wa Makindu

Habari za kifo chake zilinifikia Jumapili, tukitoka kanisani. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwaitu wa nyumba ya mawe ametuacha." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na hapa Makindu hakuna aliyehitaji kuuliza ni yupi. Nyumba yenyewe ilijengwa na Mzungu mmoja wa reli: kuta nene zinazohifadhi ubaridi mchana kutwa, veranda pana, paa la vigae, na bustani iliyozungushiwa ukuta wa mawe wenye lango la tao. Ndani ya bustani kuna kisima. Marehemu mumewe aliinunua baada ya Uhuru, naye alipofariki, mashemeji waliona ni mawe ya bure.

Walifika asubuhi na mitaimbo, wakitaka mawe ya kujengea maduka sokoni. Nilikuwepo, maana sisi ni majirani. Mwaitu alileta kiti, akakaa katikati ya lango, akaendelea kuambua mbaazi. Shemeji mkubwa akamwambia, "Mama, hii ni mali ya ndugu yetu. Toka hapo tufanye kazi." Akajibu bila kuinua macho, "Ndugu yenu aliniacha humu. Kama mnabomoa, anzeni na mimi." Walisimama kwenye jua hadi aibu ikawashinda, wakaondoka. Kwa miaka mingi hawakumsalimia, hata kanisani. Najua jambo hilo lilimuumiza, kwa sababu aliacha kuimba.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya themanini. Visima vya jirani vilikauka, chake hakikukauka. Akina mama walipanga foleni langoni, wengine wakizimia. Siku moja alimwita fundi, akamwamuru atoboe ukuta upande wa nyuma, watu wapite njia fupi. Nilishangaa, nikamuuliza iweje aubomoe mwenyewe. Akasema, "Nilikataa kunyang'anywa. Kutoa sijakataa." Wake za mashemeji nao walichota pale, na hakuwauliza neno.

Tulimzika Alhamisi. Jumamosi nikakuta lori limeegeshwa kando ya bustani, vijana wakipakia mawe ya ukuta. Nikamuuliza dereva amepewa ruhusa na nani. "Hakuna mtu amekataa," akasema. Nikamwambia mimi nakataa. "Wewe ni nani wake?" Jirani, nikajibu. Alicheka kidogo, akafunga bodi ya lori, akasema atarudi wiki ijayo.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Tumeuona mji huu ukipoteza majengo yake moja moja, na kila mara tumesema wenyewe wapo. Mkono mmoja haulei mwana. Mwaitu alikaa langoni peke yake kwa sababu sisi tulibaki barabarani tukitazama. Lori litarudi wiki ijayo. Mimi nitakuwepo, na ninawaomba mliokunywa maji ya kisima kile mje pia.