Pembe za Subira

Asubuhi moja mwaka huu niliondoka Mashewa bila kujua ninakokwenda, kama kawaida yangu tangu nilipoacha shule darasa la tano. Jioni nikapata chumba cha kupanga Masuguru. Nilipofungua dirisha nilipokewa na harufu kama ya nywele zilizoungua: jirani alikuwa akisugua pembe, atengeneze vishikio vya visu. Nikalifunga upesi, ingawa joto la Korogwe mnalijua.

Harufu hiyo naijua tangu uani kwetu, Kwamsisi. Baba alikuwa mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe mmoja tu, jike mzee aitwaye Subira. Ng'ombe jike akizaa, nguvu zote huenda kwa ndama, na pembe hubaki na pete shinani. Ukipitisha kidole unajua amezaa mara ngapi. Baadaye nilisikia kwamba nchi za baridi kuna wanyama wanaodondosha pembe kila mwaka, kisha zikaota nyingine, changa, zimevikwa ngozi laini yenye manyoya. Subira hakujaliwa hivyo. Pete zake zilikuwa saba, na alishakoma kuzaa.

Baba alitaka kumbadilisha kwa mtamba, jike changa, kwa wafugaji wa Kimaasai, wadogo zangu wapate tena maziwa. Akazikwangua zile pembe kwa kipande cha chupa, akazipiga msasa mpaka pete zikafutika, akazipaka mafuta ya alizeti mpaka zikang'aa kama viatu vya Idi. Mama alipita na ndoo yake akasema, "Baba Zaina, leo unamvisha bibi nguo za mwali." Tulicheka sote, hata baba.

Tulipofika kwenye boma la Wamaasai, nilimwamkia mzee mwenye ng'ombe kwa kuinamisha kichwa, akanigusa utosini kama ilivyo desturi yao. Kisha akapitisha dole gumba kwenye pembe ya Subira, akalinusa. Hakumuuliza baba. Aliniuliza mimi, taratibu:

"Binti, huyu mama amezaa mara ngapi?"

"Mara mbili, babu."

Vijana wake wakaanza kucheka. Mzee akawatazama, wakanyamaza. Alituambia tumrudishe ng'ombe wetu kabla jua halijakuwa kali, akatupatia kibuyu cha maziwa ya watoto.

Njia nzima baba alitembea mbele yangu bila kugeuka, wala hakuyaonja yale maziwa. Nilidhani amenikasirikia kwa kudanganya vibaya. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningesema amezaa mara moja badala ya mara mbili, tungerudi na mtamba, na aibu hiyo niliibeba kila nilikohamia.

Sasa nimefikia umri wake wa siku ile, na uso wake ndio naanza kuuona. Mzee aliponusa dole, baba alisimama tu, ametulia. Aliinama pale nilipojibu mimi, upesi, bila kupepesa macho, kama mtoto aliyefundishwa uongo.